Hisa za Wahida kwa Jina la Talal

Wahida binti Haroub alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kuamini anachokiona kwa macho yake. Ukimwambia jambo atakubishia mpaka ukome, lakini akishaliona mwenyewe, huliondoi kichwani mwake hata kwa nyundo. Ndiyo maana mwaka ule wa 2004, bei ya mafuta ilipopanda na Jeddah nzima ikawa inanunua hisa kwa kusikia, yeye alinunua kwa kuona.

Kazi yake ilikuwa kutoa watu damu katika kliniki moja ya Sharafiya, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Wafanyakazi wa kigeni wa kila rangi walipanda ngazi zile: madereva wa Kisudani, mafundi wa Kipakistani, wanawake wa Kiafrika kutoka mtaa wa Karantina waliokuja na kizunguzungu kilichoachwa muda mrefu mno. Wote walikaa kwenye kiti kimoja wakanyoosha kidole. Wahida anadunga, tone la damu linaangukia kijiti, kijiti kinaingizwa kwenye mashine, na mashine inatoa sukari ya mtu. Vile vijiti vilitengenezwa na kampuni moja changa ya Riyadh, kampuni ya vipimo vya sukari, vya mimba na vya homa ya ini. Jina lake la Kiarabu lilikuwa refu mpaka linachosha ulimi. Pale kliniki wakaiita Vijiti, na ikawa hivyo hivyo.

"Watu wataacha kula wali?" alimuuliza mumewe. "Wataacha tende na halua? Hawaachi. Basi wataugua sukari, na wakiugua watapimwa, na wakipimwa ni kwa Vijiti. Sasa niambie, itaanguka vipi hiyo?"

Mumewe, Soud, alikuwa fundi wa viyoyozi na mtu wa maneno machache. "Mie hisa sizijui. Ziweke benki fedha zako, Wahida."

Fedha zenyewe hazikuwa za mchezo. Zilikuwa za Samia, binti yao wa pekee, aliyekuwa darasani akishika namba ya kwanza mpaka walimu wakachoka kumsifu. Samia alitaka udaktari. Lakini baba yake alikuwa na ikama, kile kibali cha mgeni kukaa nchini, mama yake alikuwa na ikama, na yeye mwenyewe, aliyezaliwa Jeddah kwa mama aliyezaliwa Jeddah, alikuwa na ikama. Mtoto wa namna hiyo akimaliza sekondari, milango ya vyuo vya pale ni kama imefungwa kwa nje. Wasichana wengi wa Kizanzibari waliomtangulia, wenye vichwa vizuri tu, walikaa nyumbani wakipika sambusa za kuuza na kungoja mchumba. Wahida mwenyewe alipita njia hiyo, akaja kujifunza kutoa damu baada ya miaka ya kubembeleza. Alikuwa ameapa kwamba Samia hataipita. Kulikuwa na chuo cha Khartoum kilichopokea watoto kama yeye, kwa ada ya kumtoa mtu machozi. Wahida akauza dhahabu zake za arusi, akachanganya na akiba ya miaka yote, na akasema kwamba fedha hizi zikikaa benki zitafika Khartoum zimechoka.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Siku hizo mgeni hakuruhusiwa kununua hisa sokoni kwa jina lake. Ilibidi umpate mwananchi anunue kwa jina lake yeye, kwa siri yenu. Wenzake pale kliniki waliwapa fedha makafili wao, Wasaudi waliowadhamini, wakawa hawalali usingizi. Wahida aliwacheka. Yeye alikuwa na Talal.

Ili umjue Talal inabidi umjue kwanza Mwatime, mama yake Wahida. Mwatime alitoka Unguja mwaka 1964 na mume, na masanduku mawili, na mimba. Wakapanga chumba mtaa wa Hindawiya, ubavuni mwa familia moja ya Kihijazi, wananchi wa pale. Wahida alizaliwa, na mwezi uleule jirani naye akajifungua mtoto wa kiume, kisha akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Mtoto akawa analia usiku kucha ukuta wa pili. Mwatime hakuulizwa wala hakuombwa. Aliingia, akamchukua, akamweka ziwa la kushoto, Wahida akiwa la kulia. Akawanyonyesha hivyo mpaka wakaota meno na kumng'ata wote wawili. Kwa sheria ya dini wakawa ndugu. Wahida hakujifunika mbele ya Talal maisha yake yote, na Talal alijua Kiswahili cha kutosha kumwambia Mwatime, "Mama, nataka ugali," jambo lililomfanya Mwatime acheke kila mara kama vile hajapata kulisikia.

Talal alikua, akasoma, akahamia Riyadh kwenye kazi ya serikali, akaoa mke aitwaye Nuf, akajenga nyumba. Kila Idi alishuka Jeddah kumbusu Mwatime kichwani. Wahida alipomweleza habari ya Vijiti alifurahi mpaka akapiga paja. "Niletee hizo fedha. Na mimi nitaweka zangu. Tutakwenda nazo pamoja."

Soud ndiye aliyethubutu kusema kwamba pengine pangeandikwa japo mistari miwili, na mashahidi. Alisema kwa upole, akiwa anakula. Mwatime akaweka chini kijiko chake.

"Mie nilimpa maziwa bila ya karatasi," alisema. "Leo wewe Soud unamtaka mwanangu karatasi?"

Soud akaomba radhi, akaendelea kula, na jambo hilo halikutajwa tena katika nyumba ile. Nakwambia ukweli, hata mimi ningekuwa pale ningenyamaza. Mwatime alikuwa na jicho lake akikasirika.

Basi ikaanza raha. Vijiti ilipanda, ikapanda, ikapanda tena. Daktari mwenye kliniki alitoa katuni kwenye televisheni ya chumba cha kungojea, akaweka chaneli ya soko, na ile mistari ya kijani ikawa inapita siku nzima juu ya vichwa vya wagonjwa. Mfagiaji alikuwa na hisa. Mfamasia aliuza gari akanunua hisa. Watu walitumiana ujumbe wa simu kwamba wizara inakaribia kusaini mkataba na Vijiti kwa hospitali zote za nchi, na kila ujumbe ukifika bei inaruka, ingawa mkataba wenyewe hakuna aliyeuona. Wahida alikuwa akidunga kidole cha mtu huku macho yake yakiwa juu, mpaka mgonjwa mmoja wa Kisudani akamwambia, "Dada, kidole changu kiko huku chini."

Kufika mwisho wa mwaka 2005, ada ya Samia ilikuwa imeshatimia na kupita, na juu yake ingebaki ya kununua kiwanja Unguja. Soud alisema, "Halas, Wahida. Uza." Wahida akampigia Talal. Talal akacheka.

"Sasa? Na mkataba uko mlangoni? Subiri mpaka mwezi wa tatu, dada yangu. Samia atakwenda Khartoum na dereva."

Akasubiri. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi kopo la vijiti linavyokwisha kila siku, na anayeona hivyo atauza vipi?

Mwisho wa Februari soko likaporomoka. Mistari ikageuka myekundu, na haikuwa nyekundu ya siku moja. Kila asubuhi Vijiti ilifunguliwa chini kabisa pale sheria inaporuhusu, na kubaki pale, wauzaji wamejazana na mnunuzi hakuna hata wa dawa. Mkataba wa wizara ukawa haukuwahi kuwepo. Mfamasia alikaa nyuma ya dirisha lake akampa mtu dawa za mtu mwingine. Daktari akarudisha katuni. Kwa kejeli ya dunia, ni mwezi uliofuata ndipo serikali ilipotangaza kwamba sasa wageni wenye ikama nao wanaruhusiwa kununua hisa kwa majina yao.

Wahida alimpigia Talal kila siku. Hakuwa analia, alikuwa anauliza tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa aliye chumba cha pili.

"Ziko," Talal alimjibu. "Hisa zako ziko palepale. Usitazame bei. Bei ni upepo. Hisa ziko."

Hata bei ile ya chini, Wahida alipiga hesabu, ilitosha mwaka wa kwanza wa Khartoum na nusu ya wa pili. Baadaye wangeona. Samia alikuwa amefanya mitihani ya mwisho na barua ya chuo ilikuwa imeshakuja. Wahida akamwambia Talal auze tu, kwa bei yoyote. Talal akasema ndiyo, wiki ijayo. Wiki ijayo akasema anangoja ipande kidogo. Kisha akawa hapokei simu. Kisha simu ikapigwa na mwanawe mkubwa, Ammar, kijana aliyekuwa ameanza kazi mwaka uleule. Talal alikuwa ameketi kwenye gari nje ya nyumba yake, injini inawaka, ameshafariki. Moyo.

Mwatime alipoambiwa alilia kwa sauti ambayo Wahida hakuwahi kuisikia hata alipokufa baba yake. Hakuweza kusafiri, miguu ilikuwa imekataa. Wahida na Soud wakaenda Riyadh.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na kosa lenyewe ni la kwetu sisi, hakuna mwingine angelifanya. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa. Nuf, mjane, alikaa katikati, na mtu akamnong'oneza, naye akanyanyua uso akasema kwa Kiarabu kwamba kama kuna anayemdai marehemu aseme, na asiyedai amsamehe. Wanawake wa Kisaudi wakanong'ona dua zao kimyakimya. Lakini Wahida alikuwa amelelewa na Mwatime, kwenye misiba ya Wazanzibari wa Jeddah, na kwenye misiba ile swali hilo haliachwi likaanguka chini. Watu hujibu, tena kwa sauti, tena mara tatu, na asiyejibu hutazamwa. Wahida akasimama, machozi yanamtiririka, akasema mbele ya wote: "Mimi dada yake nimemsamehe. Nimemsamehe duniani na akhera. Nimemsamehe." Wanawake wakalia upya. Nuf akamshika mkono.

Hakuwa anafikiria hisa. Hisa si deni, ni mali yake iliyowekwa mahali. Ulizo lilikuwa la madeni na maneno makali, na Wahida alikuwa na furushi zima la maneno aliyoyasema moyoni wiki zile ambazo simu haikupokewa. Hayo ndiyo aliyoyasamehe.

Msiba ulipomalizika, akiwa tayari kuondoka, alimwita Ammar kando. Akamwambia kwa upole kwamba zile hisa za Vijiti za fedha yake, kijana amsaidie ziuzwe, maana Samia anatakiwa chuoni.

"Hisa zipi, shangazi?"

Akamweleza. Ammar akabadilika rangi. Akaenda benki, akarudi adhuhuri, akakaa chini kabla ya kuvua viatu. Talal alikuwa amekopa benki kwa rehani ya hisa zote zilizokuwa kwa jina lake, zake na za dada yake bila kubagua, ili anunue nyingine za Vijiti wakati zinapanda. Zilipoanguka, benki haikumwuliza. Iliuza zote katika wiki ya pili ya Machi, ikajilipa. Siku zote zile alizokuwa akisema ziko, zilikuwa haziko.

Wahida alikaa kwenye zulia la watu akasema, "Samia," basi, mara moja tu. Soud alimshika bega na hakumwambia nilikwambia, na kwa hilo peke yake mimi nampa Soud heshima mpaka leo.

Ammar alikuwa kijana mwema, na wema wake ndio uliomwua Wahida. Angekuwa mjeuri angetukanwa yakaisha. Alikwenda kumwuliza sheikh wa msikiti wao, akarudi na jibu lake.

"Sheikh anasema umesamehe mbele ya watu. Lakini kama hukujua unachosamehe, una haki ya kuulizwa tena. Basi nakuuliza, shangazi. Baba hakuacha kitu ila nyumba hii. Ukisema umesamehe, imekwisha, na Mwenyezi Mungu atakulipa. Ukisema hukusamehe, amana ya mtu haiwezi kubaki shingoni kwa baba. Tutauza nyumba tukulipe yote uliyotoa, halafu mama na wadogo zangu nitawapangishia. Ila uliseme wewe mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea."

Nyuma ya mlango Wahida aliona viatu vidogo vya mabinti watatu wa Talal. Akasema, "Nipe muda nifike nyumbani, mwanangu. Nitakujibu."

Njia nzima ya kurudi Jeddah jangwa lilikuwa jeupe na Soud hakuwasha redio. Wahida alijaribu neno moja, halafu la pili, midomo inacheza. Nimemsamehe, na Samia anakaa jikoni miaka yote iliyobaki. Sikumsamehe, na Nuf anatolewa nyumbani kwake akiwa bado yumo edani. Alitamani gari lipinduke. Aliogopa alipogundua kwamba anatamani kweli.

Chuo kilitaka ada kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Samia alijua. Hakuuliza chochote. Alikuwa amepanga nguo zake kwenye sanduku tangu alipopata barua, na sasa Wahida alimkuta anazitoa moja moja na kuzirudisha kabatini, anazikunja vizuri, kama mtu anayefanya usafi wa kawaida. Wahida akaenda kujifungia chooni, akauma taulo.

Mwatime alikuwa ameshaambiwa yote. Alikuwa kitandani, tasbihi mkononi, amekwisha kwa wiki chache akawa kama mtoto. Akamwita bintiye aketi.

"Mmenyonya pamoja," alisema. "Mmoja yuko ndani ya udongo, hawezi kusema alikuwa na nia gani. Mwambie mwanawe umesamehe."

"Na Samia, mama?"

"Samia anaye mama wa kumhangaikia. Talal hana tena."

"Alinidanganya, mama. Ziko, ziko, kila siku ziko. Kacheza kamari na roho ya mwanangu!"

"Alikosa. Kwani mie nasema hakukosa? Nasema msamehe. Nakuomba mie, niliyekupa ziwa. Usimtie mwenzio aibu kaburini."

Wahida alimbusu mama yake mkono. Akauweka mkono ule juu ya shuka, taratibu, akanyanyuka, akachukua simu. Angeweza kwenda nje akazungumzie kwenye ngazi. Hakwenda. Akapiga palepale, mbele ya mama yake, kwa Kiarabu ambacho mama yake alikielewa vizuri kama Kiswahili.

"Ammar, mwanangu. Sikumsamehe amana yangu. Naitaka."

Wahida alisikia kwa mbali sauti ya Nuf ikiuliza amesemaje. Kisha Ammar akasema, bila hasira yoyote, "Haya, shangazi. Utapata. Ila nilitaka ujue jambo moja, si kwa kukulaumu. Mama anasema siku ile benki ilipouza, baba alirudi nyumbani akalia. Akasema, Wahida tu ndiye hanitishi. Wahida hatanidai. Tumenyonya pamoja."

Wahida alikata simu.

Alipogeuka, Mwatime alikuwa ameelekea ukutani.

Nyumba ya Riyadh iliuzwa. Fedha zilifika Jeddah kabla ya mwezi kwisha, zote, bila kupungua, na hakuna aliyezifurahia. Samia alikwenda Khartoum, na leo ni daktari wa watoto na hajui nusu ya habari hii. Wahida aliendelea kutoa watu damu kwa vijiti vya kampuni nyingine. Mwatime aliishi miaka mitatu tena. Alikula chakula cha bintiye, akaoshwa na bintiye, akageuzwa kitandani na bintiye asubuhi na jioni, na hakumtolea neno baya hata siku moja. Lakini kila Wahida alipopiga magoti akamwomba, "Mama, nipe radhi zako," bibi yule alimpapasa kichwa, akamjibu polepole, bila ukali:

"Kamuombe kwanza nduguyo."

Akafa hajazitoa.